Simiti Kwenye Ukuta wa Ukumbi wa Maonyesho

Nimejenga Mombasa maisha yangu yote, na bado nikiingia ule ukumbi wa zamani wa maonyesho hunyamaza. Mimi, ambaye mke wangu husema mdomo wangu hauna breki! Nyumba za Mji wa Kale vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina mwisho wake. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Lakini ule ukumbi, subhanallah, hauna nguzo hata moja katikati. Wazee walioujenga walipandisha kenchi za msaji, zile mbao za kubeba paa, toka ukuta hadi ukuta, wakaziegemeza juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, na hadi leo zimetulia tuli. Zamani vilipangwa humo vitambaa, karafuu na mashine, watu waje washangae. Baadaye ukawa ghala la magunia, kisha ukumbi wa harusi. Pilau ya harusi yangu ililiwa humo.

Mwaka huu, kwa vile jengo limo katika orodha ya turathi, alikuja mtaalamu, binti wa hapa hapa mjini, akatukusanya mafundi. Ukuta wa upande wa barabara, uliopigwa simiti juu ya chokaa, ulikuwa umevimba, unatoa jasho. Akatueleza wazi: tukiibandua simiti na mawe yakasimama, jengo litapona, yakimwagika, kenchi zitashuka nayo na litabomolewa lote.

Wenzangu wakaanza kumtukana aliyeipiga ile simiti. Ukuta wa chokaa huvuta pumzi, wakasema, punda gani aliuziba? Nami nikatukana, tena nikawashinda wote.

Punda mwenyewe ni mimi. Ujanani niliona chokaa ni kazi ya wazee: uiloweke shimoni miezi na miezi, na simiti inakauka kwa siku moja? Na ili ishike vizuri, nilitandaza waya wa chuma chini yake, nikaupigilia kwa misumari mirefu hadi ndani ya viungo vya mawe. Hilo hakuna aliyelijua.

Fundi mmoja akabandua kipande, akakutana na waya, akaushika kwa mikono miwili auvute. Nikaona mawe yanatikisika. Nilifikiria jina langu la ufundi, nililolichuma kwa jasho, kisha nikatazama juu kwenye zile kenchi.

"Acha," nikasema. "Ukivuta, washuka na ukuta. Misumari i ndani ya viungo, yataka kukatwa mmoja mmoja. Mimi ndiye niloitia."

Fundi akauachia waya. Tuliikata misumari hadi alasiri, mimi mbele nikiwaonyesha ilipo, na mawe yakasimama.

Tulipokaa kunywa chai, yule binti akaniuliza kwa upole, "Mbona hukusema tangu asubuhi, mzee wangu?"

"Niliona haya," nikamwambia. "Na si nyinyi nilowaonea haya, mwanangu. Ni wao waliolijenga."