Lita Sita hadi Ushongo

Dada yangu Mwanahamisi alikuwa anaolewa Ushongo, na katika watu wote walioalikwa, ni mimi peke yangu nisiyeweza kukosekana. Baba alikwisha kufariki. Mimi ndiye kaka yake wa tumbo moja, kwa hiyo ndiye walii wake wa kumwoza, na bila walii hakuna nikahi. Bwana harusi alikuwa mwalimu aliyepewa uhamisho wa kwenda Kigoma, na kesho yake asubuhi alitakiwa aanze safari. Nisipofika laasiri, saa ya nikahi, angeondoka bila mke. Hayo yote Mwanahamisi aliyaandika kwenye barua, na mwisho akaongeza kwamba safari hii asisikie habari za petroli.

Alikuwa na haki. Miaka mitatu sikutia mguu Ushongo, na kila barua niliijibu hivyo hivyo: petroli hakuna. Mwalimu huyo huyo alikuwa ameposa mwaka juzi. Nikasema nangoja nipate petroli nije nimchunguze, ukoo wake na tabia zake, maana dada ni mmoja. Basi ikawa kungoja tu.

Saa nne asubuhi, Ngamiani, Tanga. Nilitaka kutoka alfajiri, lakini karani wa kutia saini vibali vya mafuta alikuwa msibani. Nilizunguka pale nje mpaka mlinzi akaniomba nikae, nikashindwa kukaa. Nilipopata lita zangu sita nilipiga kiki skuta bila hata kumuaga mke wangu vizuri.

Mimi ni fundi cherehani. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililoniponza. Vipuri siku zile vilikuwa adimu kama sukari, na chujio la hewa la skuta yangu, kipande cha sponji kinachokaa ndani ya kisanduku chake, lilikuwa limechakaa. Nililiogopea vumbi la barabara ya Pangani. Kwa hiyo nikalishonea koti la kitambaa cha marekani, lenye bitana, mishono miwili miwili. Lilikaa vizuri kweli, na niliwaonyesha majirani.

Saa sita kasoro, baada ya Tongoni. Skuta ilianza kuchoka. Kwenye tambarare ilikwenda kama inapanda mlima, na nyuma moshi mweusi ulinifuata. Nikavuta resi zaidi, ikanguruma bila kwenda. Nikasimama, nikachomoa plagi, nikaikuta imejaa masizi. Niliifuta, nikaendelea, ikaziba tena. Nilichovya kijiti kwenye tangi: lita mbili zimekwisha, na sijafika hata nusu ya njia ya kwenda. Nilimtukana yule karani, kisha barabara, kisha nikajionea aibu, nikaanza kusukuma skuta.

Saa saba, Kigombe. Katika shamba la mkonge palikuwa na gereji ya matrekta. Fundi wake aliitwa Kasiani, Mha aliyekuja ujanani kukata mkonge, akazeekea kwenye spana. Nilimweleza shida yangu yote kwa pumzi moja. Akaendelea kufuta mikono, hajibu, mpaka nilipokumbuka kwamba sijamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, tuone."

Alifungua kisanduku, akalitoa chujio, akaligeuza geuza. Aliita mwenzake aje kutazama.

"Hili koti umelishona wewe?"

Nikasema ndiyo, la kuzuia vumbi.

"Kazi nzuri. Sasa jifunge blanketi puani, ukimbie mpaka Pangani."

Walicheka mpaka mimi mwenyewe nikacheka. Kisha akanieleza kwamba injini hula petroli pamoja na hewa. Hewa ikikosekana, petroli inaingia ile ile lakini haiungui yote, inabaki masizi na moshi. Hiyo ndiyo nguvu yangu iliyopotea, na zile lita mbili pia.

Nilimwambia tulitupe basi koti na chujio lake, niende zangu.

"Bila chujio utafika leo," alisema. "Vumbi hili ni mchanga. Litaisugua pistoni, na mwakani huna skuta."

Alilichana koti langu kwa kisu. Sponji akaiosha kwa mafuta ya taa aliyoyaleta kutoka nyumbani kwake, nami nikajua jioni ile watakaa gizani. Nilinyoosha mkono niikamue kama nguo, akanizuia. Inaminywa tu, taratibu, la sivyo inachanika. Akaiacha kivulini ikauke, kisha akaidondoshea oili kidogo ili ishike vumbi. Nusu saa ile niliizunguka gereji mara nisizojua. Alikataa malipo. Alitaka pilau la harusi nikirudi.

Saa tisa kasorobo, Pangani. Skuta ilikuwa imekwenda kama siyo ile. Lakini pantoni lilikuwa ng'ambo ya pili ya mto, Bweni, na nahodha wake hakuwa na haraka na harusi ya mtu. Nilisimama ukingoni mpaka maji yaliyokuwa yakijaa yakaingia viatuni.

Laasiri, Ushongo. Nilisikia adhana nikiwa bado kwenye minazi. Waliniweka mkekani na vumbi langu, sheikh akaniagiza nikachukue idhini ya bibi harusi. Niliingia chumbani na mashahidi wawili. Mwanahamisi alikuwa amefunikwa kanga usoni, miguu ina hina mbichi. Nikamuuliza kama ameridhika kuozwa kwa huyu bwana. Mwari akinyamaza, kimya chake ni idhini, na sote tulingojea anyamaze.

"Nimeridhika, kaka," alisema. "Nimeridhika tangu mwaka juzi."

Mashahidi walitazama chini. Niliona haya ambazo sijapata kuziona.

Asubuhi, kurudi. Bwana na bibi walipanda lori la kwenda Korogwe. Kabla ya kupanda, Mwanahamisi alinishika mkono. Kigombe nilimkabidhi Kasiani pilau lake kwenye sufuria iliyofungwa leso. Alifungua kisanduku, akaipiga piga sponji vumbi likatoka, akairudisha.

Nyumbani nilichovya tena kijiti. Kutoka Kigombe hadi Ushongo na kurudi Tanga ni zaidi ya mara tatu ya njia niliyohangaika nayo mwanzo, na petroli iliyotumika ilizidi zile lita mbili za mwanzo kidogo tu. Tangini ilibaki zaidi ya lita moja. Niliketi kizingitini, kijiti mkononi. Ushongo palikuwa karibu miaka yote ile, na sasa petroli ninayo, lakini dada yangu yuko njiani kwenda Kigoma.