Samaki Thelathini na Mmoja wa Batuli

Mimi Shamila nikisema jambo nimelisema, na hapa Kanyenye, Tabora, wanaonijua wanajua. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kuna jambo moja nililikalia kimya miezi minne mizima, mjue halikuwa dogo. Na msinikatize, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika naacha.

Batuli alikuwa mke wa mdogo wangu, Yahaya. Kwao ni Kigwa, wakulima, Wakatoliki toka babu na babu, na huko jina lake lilikuwa Katarina. Alisilimu alipoolewa, akaja kukaa kwenye nyumba ya marehemu baba yetu, akaweka cherehani barazani, akawa anashona sare za shule na magauni ya harusi. Mimi sikumtaka, nasema kweli. Nilisema, Yahaya amewakosa wasichana wote wa mjini hadi amfuate mtu wa Kigwa? Batuli mwenyewe hakuninunia. Kila nikiingia ni "Shikamoo, wifi," na kiti kimeshafutwa vumbi. Mwaka wa tatu nikachoka kumchukia, nikaanza kumpelekea vitambaa vyangu anishonee.

Yahaya alikuwa mhudumu wa mabehewa kwenye treni ya Kigoma. Wenzake wakirudi huko walileta dagaa na migebuka. Yeye siku moja akaja na samaki wawili wazima kwenye dumu lililokatwa shingo, wadogo urefu wa kidole, wana mistari ya njano na nyeusi, waliovuliwa kwenye mawe ya ziwa. Batuli alicheka siku nzima. Fundi vioo akawaungia tangi, urefu wake mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Safari iliyofuata Yahaya akaleta wawili wengine, na iliyofuata hivyo hivyo. "Mume wangu, tangi limejaa," Batuli anasema. "Wawili tu, mama, wa mwisho hao," Yahaya anajibu, kumbe ameshawamimina. Na wenyewe wakazaana humo humo. Kufikia mwaka jana walikuwa thelathini na mmoja, kwenye chombo ambacho hata kumi wangebanana.

Nilimwambia Batuli awakaange, kazi iishe. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Mtu mwingine akiwarundika samaki hivyo wanamfia wiki ya pili. Wa Batuli hawakufa, na nitawaeleza alivyofanya, kwa sababu hayo ndiyo yaliyomponza. Kila siku akishaswali alfajiri, kabla hajasema na mtu, alisimama mbele ya kioo akawahesabu, midomo ikimchezacheza. Samaki mgonjwa hujificha, alisema, na akifia nyuma ya jiwe anawaozea wenzake maji. Kila baada ya siku moja alivuta robo ya maji kwa mpira na kuyamwaga uani chini ya mpapai. Maji mapya aliyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili, dawa ya bombani iishe, na ole wako ufunike ndoo ile. Chini ya tangi alipanga magamba ya konokono wa ziwani, eti maji yetu ya Tabora ni mepesi mno kwa samaki wa Kigoma. Aliyeonekana anajikuna kwenye mawe alitengwa kwenye beseni la maji ya chumvi mpaka apone. Sponji la kimota, kile kidude cha umeme cha kuwapulizia hewa na kuchuja maji, alilikamua ndani ya maji yao ya zamani, hata siku moja hakulisuuza bombani. Chakula kilikuwa cha ncha za vidole viwili, mara moja kwa siku, hata wangejigonga kwenye kioo wakiomba.

Na kimota kililia mchana na usiku, ngrrr, ngrrr, kikipuliza mapovu. Umeme ukikatika alichota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina humo humo kutoka juu, tena na tena, mkono mmoja ukichoka anahamia wa pili. Siku moja nilimtazama akifanya hivyo saa mbili nzima, pini za kushonea ziko mdomoni. Nikasema moyoni, huyu ana wazimu. Sikumwuliza hata sababu.

Mwezi wa pili mwaka huu presha ikamwangusha Yahaya akiwa kazini, treni ikikaribia Goweko. Walimshusha stesheni akiwa hai, akafa kabla hajaletwa mjini. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Tukamzika kesho yake baada ya adhuhuri.

Sasa sikilizeni. Misiba ya ukoo wetu msimamizi ni mimi. Nani apike, nani apokee wageni, nani atolewe sebuleni kwa kucheka ovyo, yote mimi. Na kwetu, mwenye nyumba akifa, nyumba inanyamaza. Redio inazimwa, televisheni inazimwa na kufunikwa, kioo cha kabati kinafunikwa, hata saa ya ukutani yenye kengele inatolewa betri. Asubuhi ya mazishi wanawake walikuwa wameshajaa kwenye mikeka, jeneza linasubiriwa, na pale pembeni kidude kinalia ngrrr, ngrrr, mapovu yanapanda na samaki wanacheza. Niliona aibu. Nilisema, huyu ndugu yangu amekufa na bado kuna sherehe nyumbani kwake? Nikachomoa plagi kwa mkono wangu huu. Nikaukunja waya, nikaufunga kwa kipande cha khanga, nikalifunika tangi lote kwa shuka jeupe. Bibi mmoja akanipongeza, akasema hivyo ndivyo msiba unavyosimamiwa.

Batuli alikuwa chumba cha ndani na wanawake watu wazima. Nilipompelekea uji wa jioni alinishika mkono, sauti imekauka. "Wifi, kimota kinalia? Sikisikii kwa hizi kelele."

"Tulia, mama," nikamwambia. "Kila kitu kiko sawa."

Alininywea uji ule wote kwa sababu nilimwambia hivyo.

Asubuhi nikaenda kufunua nifute vumbi. Yaa Rabi! Maji yalikuwa meupe yana utando, na samaki wamelala juu, midomo wazi, wamejipanga kana kwamba kuna mtu aliyewapanga. Harufu ikanipiga. Ishirini na wanne walikuwa wamekufa. Saba walikuwa wamebandika midomo juu kabisa ya maji, wanahema. Nikarudisha plagi, sijui hata kwa nini, labda mikono ilikuwa na akili kuliko mimi. Wanawake wakajazana nyuma yangu. Mmoja akasema, "Subhanallah, wamemfuata bwana wao." Wakalia upya, na mimi nikalia nao, na lile neno likatoka nje kwa wanaume.

Siku ile ya kwanza lilikuwa neno tamu. Siku ya tatu lilikuwa limeshaoza. Kaka yetu mkubwa, Abdulatifu, alikuwa amekaa chini ya turubai akauliza, taratibu tu, hivi samaki wanajuaje kwamba mtu amekufa Goweko? Akauliza tena, na kwa nini mtu afuge samaki asiowala? Hapo mtu akakumbuka kuwahesabu alfajiri bila kusema na mtu. Mwingine akakumbuka chumvi kwenye beseni. Wa tatu akataja ndoo za wazi zinazolala siku mbili, wa nne akataja magamba ya konokono, kwamba mwenye kazi na magamba ni mganga. Jirani akaapa kwamba ameona kwa macho yake maji yakimwagwa chini ya mpapai ule ule, kila mara. Na huko kwao Kigwa, nani anayewajua? Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Niliyasikia yote, na nilipita.

Kabla ya hapo ukoo wote ulikuwa umekubaliana kwamba Batuli atabaki kwenye nyumba ile. Yahaya mwenyewe alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba akitangulia, baraza na cherehani ni vya mke wake na asiguswe. Abdulatifu ndiye aliyekubali shingo upande. Sasa akasema tungoje eda iishe, miezi minne na siku kumi, kisha tukae kikao, tuamue kama mtu wa namna hiyo anaweza kuachiwa nyumba ya baba yetu. Kila mtu akaitikia, na mimi nilikuwepo.

Batuli akakaa eda. Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia na chakula, na kwa kuwa yeye hakuweza kwenda sebuleni kila kukiwa na wageni, mimi ndiye niliyewahudumia wale saba kwa maelekezo yake. Ilikuwa wiki ya pili. Nilikuwa nakamua sponji, nikamwuliza, basi tu kwa kuzungumza, kidude hiki kina kazi gani hasa?

"Ndicho pumzi yao, wifi," akasema kutoka chumbani. "Wangekuwa wachache wangestahimili. Hawa walivyobanana, kikinyamaza saa tatu nne wanakosa hewa, wanaanza kuzimia mmoja mmoja. Na anayetangulia anawachafulia wengine."

Nilisimama na sponji mkononi, maji yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, na nikajua ni mimi. Hapo ndipo pa kusema. Mlango uko wazi, yeye yuko pale, sisi wawili tu. Nikasema, "Aa, kumbe," nikaendelea kukamua.

Mtaniuliza kwa nini. Niliona haya! Mimi mwenye kusimamia misiba ya watu, niwaambie nimewaua samaki wa ndugu yangu siku ya kumzika, kwa ujuaji wangu? Nikajidanganya kwamba maneno yatapoa. Hayakupoa. Wateja wake hawakuonekana tena kuulizia nguo. Watoto wa jirani wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Asubuhi moja tukakuta mpapai umekatwa, umeng'olewa na mizizi, na hakuna aliyesema ni nani. Kila jambo likitokea Kanyenye, mtoto ameugua, kuku wamekufa, macho yanaelekea kwenye nyumba ile. Na mimi nahudumia samaki saba, naogopa hata kuwatazama.

Ilipobaki siku moja kikao kikae, nilishindwa kula. Baada ya asri nikaingia chumbani kwake, nikaketi chini sakafuni, mimi mtu mzima.

"Batuli, ni mimi niliyechomoa."

Alikuwa anachana nywele. Hakusimamisha hata kitana. "Najua, wifi."

"Umejuaje?"

"Wiki ile ile ya kwanza, wageni walipopungua, nilitoka kuwatazama. Kipande cha khanga kilikuwa bado kimening'inia kwenye waya. Mtu anayefunga nyaya kwa khanga nyumba hii ni wewe tu."

"Mbona hukusema?"

"Nimseme nani, kwa nani?" Sasa akaweka kitana chini, na machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza nadhani tangu tumzike Yahaya. "Mimi nikisema ni wifi yangu aliyezima, wataniongezea na hilo. Nilikuwa nakungoja wewe. Kila siku ukiingia na sahani nasema, leo atasema."

Nililia nikajikamua. Nikamwapia kwamba kesho nitasema mbele yao wote, na nilimwapia kwa Mungu.

Na nilisema. Kikao kilikaa sebuleni, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, Abdulatifu amefungua kwa dua. Sikungoja nipewe nafasi. Nikasimama nikaeleza yote, plagi, waya, shuka, jinsi samaki wanavyopumua, kazi ya chumvi, kazi ya magamba, kwa nini ndoo iachwe wazi. Nikawaonyesha kimota chenyewe. Nilizungumza vizuri, wallahi, sijawahi kuzungumza vile.

Nilipomaliza, Abdulatifu akaniangalia muda mrefu, hana hasira, ndicho kilichonitisha. "Shamila," akasema, "miezi minne unaingia chumbani kwa huyu. Unakula naye, unatia mikono kwenye maji yake kila siku. Miezi minne hukumbuki kitu. Leo, siku ya kikao, ndiyo umekumbuka?"

"Niliona haya, kaka!"

"Wewe? Toka lini?"

Mtu akaguna. Shangazi yetu, aliyekuwa amekaa karibu nami mpaka goti lake linagusa langu, akasogea. Akavuta na mtandio wake uliokuwa umeangukia mguuni kwangu. "Na umesomea wapi mambo ya chumvi na magamba?" akauliza. "Mbona umeyajua yote?"

Nilifungua mdomo nikaona kila nitakalolitaja linazidi kunizamisha. Laiti ningesema siku ile ya kwanza, nimesimama pale na shuka mkononi, nani angebisha? Nani? Wangenitukana mjinga, ningelia, yakaisha.

Wakaamua Batuli arudi kwao. Wale saba walimwagwa kwenye shimo la taka na magamba yao, akiwa anatazama, huku wazee wakisoma dua. Kesho yake nilimsindikiza stesheni peke yangu, cherehani juu ya mkokoteni. Treni ilipofika aliniambia, "Shikamoo, wifi," badala ya kwaheri, na mimi nikaitikia marahaba.

Jumapili iliyopita ilikuwa hitma ya Yahaya. Nilikwenda mapema, nikachemsha chai kama siku zote, nikamimina mwenyewe vikombe arobaini, nikavizungusha. Watu walipokea kwa adabu, wakashukuru, wakaviweka chini mbele yao. Dua ikasomwa, ikaisha, wakaagana wakaondoka. Nilipokwenda kukusanya vikombe, vyote arobaini vilikuwa vimejaa.