Kanga za Mama Kutoka Unguja

Nassibu, tarishi wa posta ya Shinyanga, alimwona Mwahija kwa mara ya kwanza siku alipokuja kuchukua kanga alizotumiwa na mama yake Unguja, wakati huo nchi nyingine. Karani akamwambia alipe ushuru, maana nguo zilikuwa mpya.

“Mama yangu si mfanyabiashara,” alisema Mwahija. “Hata zawadi mnaitoza?”

Hela hakuwa nayo. Akaomba azinuse tu, kisha akakunja uso. “Zinanuka duka. Zirudisheni.”

Nassibu akainama kama aliyekosa yeye.

Safari ya pili zilikuja zimeshonwa pindo, na mama alikuwa amezivaa jikoni mwezi mzima. Nguo kuukuu hazikutozwa. Mwahija alijifunika nazo uso palepale mbele ya watu, na hakuna aliyemharakisha.

Zikawa zinakuja hivyo kila mwaka, mpaka Mwahija alipomfuata mumewe kwenye machimbo ya Geita. Nassibu alimsindikiza hadi kwenye lori. Ndiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana.

“Zikija nyingine nitunzie, kaka, mpaka nitume mtu,” alisema Mwahija. “Ila mwambie mkeo asizifue.”

“Sina mke, dada.”

“Afadhali. Angezifua tu.”