Mipini ya Mfupa

Sijui harufu mbaya kuliko ya mfupa wa ng'ombe ukisagwa na grainda. Watu husema ni kama nywele zinazoungua. Si kweli, maana nywele huungua zikaisha. Mfupa hukukalia kooni. Ukinywa chai uko, ukimeza mate uko, na usiku mto wako unanuka. Mimi ni fundi wa visu, nina kibanda cha mabati mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, na kazi ya kusaga mfupa inanitia kinyaa hadi leo. Ndiyo pia iliyomharibia kakangu pumzi.

Tulianza sisi wawili. Chuma tulikitoa kwa springi za malori yaliyokufa, na mipini tukaichonga kwa mutamaiyu, mti mgumu wenye mistari ya kahawia, unaokubali mafuta na kutulia mkononi. Vumbi lake huwasha pua, lakini ukilowesha mpini kabla ya kuupiga msasa halikusumbui sana. Siku hizi nimeurudia mti huo peke yake, na hata huo siusagi bila barakoa ya vichujio. Wakati ule hatukujua barakoa, na wauza nyama choma wa Kikopey, kule kando ya barabara kuu, hawakutaka mti. Mmoja alinirudishia kisu akakisukuma juu ya meza kama sahani ya ugali mbichi.

"Boss, ya mti kila mtu ako nayo. Nitolee ya mfupa. Kastoma akiona mfupa kwa kisu anajua hapa ni nyama tu."

Nilimweleza kwamba mpini wa mfupa huteleza ukipata mafuta, tena huingia ufa. Hakutaka kusikia. Mteja ni mfalme, hata akiwa mjinga.

Mifupa ililetwa kwa magunia kutoka huko huko Kikopey, vipande vya nyama bado vinaning'inia. Tuliichemsha kwa sabuni ya unga hadi likapanda povu la kijivu lenye macho ya mafuta, na nzi wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Siku ya kwanza ya kuisaga nilitapika nyuma ya kibanda. Kaka alinicheka, akaninyang'anya grainda.

"Wewe baki na chuma," akasema. "Hii niachie mimi."

Nikamwachia. Mimi nikafanya kazi ya moto pale mlangoni penye hewa, yeye akakaa na mifupa ndani kwenye kona. Alifunga kitambaa mdomoni, na siku za joto hakufunga kitu. Jioni alitoka mweupe hadi kope. Kisha alidai maziwa, kwa sababu kila fundi Nakuru, awe wa rangi, wa mbao au wa kuchomelea, anajua kwamba maziwa huosha kifua. Aliyamimina kwenye kikombe kilichoshinda juu ya benchi, ule unga wa mfupa ukaelea juu, akaupuliza kando na kunywa. Nilikuwa nageuza uso nisione. Lakini pakiti nilinunua mimi, kila siku bila kukosa, na nikajiona ndugu mwema.

Kikohozi kilikuja polepole. Akaanza kutema kitu kizito cha kijivu na kukifukia kwa mguu. Nilimwambia akateme mbali. Wacha niseme ukweli: kwa miezi mingi nilichukizwa na alipotemea, sikufikiria alichotema. Mwaka jana akashindwa kufika barabarani bila kusimama njiani na kushika kuta za watu. Hapo ndipo nilipompeleka hospitali.

Daktari, mama wa makamo, aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, akamuuliza kazi yake. Kaka alieleza, akamalizia na maziwa, kwa fahari, kama mtu aliyetimiza masharti yote. Daktari hakucheka.

"Maziwa inaenda kwa tumbo, mzee. Vumbi iko kwa mapafu. Hazikutani."

Akasema kilichoharibika hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, mradi asikaribie tena vumbi la aina yoyote. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama tunafanya kazi pamoja. Nilipoitikia, aliniwekea kile chombo chake baridi mgongoni, akaniambia nivute pumzi, tena, na tena.

"Wewe uko sawa kabisa," akasema. "Ulikuwa unavaa mask?"

Kaka ndiye aliyenijibia, akipumzika katikati ya maneno, na tabasamu lile analotoa akinisifu mbele ya watu.

"Huyu mdogo wangu, daktari... ni mtu wa kinyaa. Toka utotoni. Hiyo harufu... hangeiweza. Sikutaka ateseke."

Daktari aliinamisha kichwa akaendelea kuandika. Nilijionea kinyaa.