Mama Nywila Aikalia Mikono Yake

Walimu wenzake walimbatiza Mama Nywila, na hawakumwonea. Nywila za idara nzima ya kilimo alikuwa nazo kichwani: ya huyu jina la mkewe, ya yule mwaka wa kuzaliwa, ya mkuu wa idara tarakimu moja mpaka sita. Mradi uliowaletea kompyuta na mafunzo ulikwisha kwa vyeti na picha ya pamoja, wafadhili wakaenda zao. Walimu nao wakaona ya nini kujisumbua, anayejua si yupo? Kila muhula masomo yao ya mtandaoni aliyaweka yeye, akilalamika, na kwa kweli akipenda.

Ndipo akapata nafasi ya kwenda kusomea uzamivu. Mkuu wa idara alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu, juzi umeugua homa, wanafunzi wamekaa wiki nzima bila somo. Sasa uniache miaka mitatu? Nipe mtu mmoja tu anayejiweza, nakuruhusu leo leo."

Mama Nywila akaamua kumfundisha Profesa Chaki, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mifuko ya koti lake, iliyokuwa myeupe mwaka mzima. Ndiye mbishi kuliko wote. Akijua huyu, nani mwingine atasingizia uzee?

Mwanzoni mambo yalikwenda arijojo. Mzee akisita tu, mkono wa Mama Nywila umeshafika kwenye kipanya. "Lete, Prof, ni hivi tu." Mzee aliegemea kiti, akatikisa kichwa kama aliyeelewa, na kesho yake hakujua kitu.

Nyumbani kwa Mama Nywila, mama yake mzazi alimtazama akimfunga binti yake kamba za viatu, binti wa darasa la tatu.

"Huyo utamfunga viatu mpaka siku ya harusi yake," mama akasema.

Bibi wa watu alikuwa anasema viatu tu. Lakini asubuhi ile, alipoketi kando ya Profesa, Mama Nywila aliikalia mikono yake yote miwili.

Mzee alikuwa anapanga jaribio la mwaka wa pili, la kesho asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, akaandika: 02:00 hadi 04:00. Mashine haina habari na saa zetu. Kwake hiyo ni usiku wa manane. Mama Nywila aliona. Ulimi ukamwasha kuliko mikono. Angesema, mzee angemwambia rekebisha, mwanangu, na safari ingeishia hapo. Aliwafikiria wanafunzi, akaona aibu, na akanyamaza.

Kulipokucha wanafunzi walijaa mlangoni, safari hii si kwa Mama Nywila bali kwa Profesa. Jaribio lilikuwa limefunguliwa na kufungwa wakiwa wamelala. Mzee aliwafokea, akaitazama skrini, kisha akawaomba radhi, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kulisikia. Akajifungia ofisini. Mchana jaribio alikuwa amelipanga upya mwenyewe, na kwenye ubao wa idara kulikuwa na maandishi ya chaki: SAA ZA MCHANA, ONGEZA SITA. Walimu wawili walisimama wakinakili. Walipomwomba awafanyie na yao, aliwavutia viti, akawaambia wajaribu wenyewe.

Mkuu wa idara alitimiza ahadi yake. Jioni Profesa akaja kwa Mama Nywila, akabaki amesimama.

"Jana uliona?"

"Niliona, Prof."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe."

"Wanafunzi wangu wameniona mjinga. Kukusamehe, bado." Alipapasa mfuko wa koti. "Nimebadilisha nywila."

"Umeweka ipi?" aliuliza, kwa mazoea.

"Haikuhusu, mwanangu. Nenda kasome."

Mzee akaondoka. Mama Nywila alikaa akisubiri mwingine agonge mlango, kama jioni zote. Hakugonga mtu, na iliuma kuliko alivyodhani.