Kiti cha Fundi

Pale soko la Kibuye, mjini Kisumu, nyuma ya wauza mitumba, palikuwa na gereji isiyo na ukuta wala mlango, na mwenyewe alikuwa mwanamke aitwaye Aoko. Nitangulize kusema kwamba Aoko alikuwa na mdomo, mtu asije akadhani nimemletea hapa mjane wa kujikunyata pembeni na kufuta machozi kwa leso. Ukimpelekea gari na kuanza kumweleza ugonjwa wake, alikukata: "Wewe ni daktari? Basi litibu." Kisha alilala chali, akaingia chini ya gari, na baada ya muda ungesikia sauti ikitoka huko ikikutajia lililovunjika, na pia jinsi ulivyokuwa ukiendesha siku ulipolivunja.

Alizaliwa Sondu, ambako baba yake alikuwa na mashine ya posho, ya kusagia unga, karibu na mto. Wasichana wenzake walitumwa maji, yeye akatumwa mafuta ya mashine, na akishayatia haondoki, anasimama pale kuisikiliza. Siku moja mashine ikagoma, akaitwa fundi kutoka Kisumu, kijana mrefu jina lake Ouma. Ouma aliinama kuitazama, msichana akamwambia, "Bolti ya nyuma imelegea, hapo unapoteza wakati." Ouma akaijaribu ile ya nyuma. Akaikaza, mashine ikanguruma, akalipwa, akaenda zake. Hakukawia kurudi Sondu, na safari hiyo hakuja na spana, alikuja na ng'ombe.

Ouma alikuwa fundi wa miguu ya mbele. Mafundi wa Kibuye waliita hivyo vile vyuma vyote vinavyoshikilia magurudumu ya mbele: mikono, springi, bushi na kingipini. Injini ikikufa barabarani utasukuma, lakini mguu wa mbele ukikatika mteremkoni umekwisha. Kwa hiyo Ouma alikuwa na sheria yake. Gari likishafungwa, lilipelekwa mteremko wa Riat kujaribiwa, mwenye gari akiendesha, na aliyelitengeneza akikaa kando yake. "Aliyefunga ndiye apande," alisema. "Ukiogopa kupanda, hukutengeneza." Mji mzima uliijua sheria hiyo. Watu walikiita kiti kile kiti cha fundi, na aliyeonekana amekikalia kwenda Riat, huyo ndiye aliyesemwa kwamba kazi ni yake.

Baadaye mgongo wa Ouma ukaharibika. Hakuweza tena kulala chini, akawa anakaa kwenye kigoda, na aliyelala chini ni Aoko. Ouma aliuliza, Aoko akajibu, mara nyingine wakabishana mpaka wauza mitumba wakaacha kazi kuwasikiliza. Waliopita walimwona mwanamume anaongea na miguu ya mwanamke imetokeza chini ya gari, wakasema Ouma ana bahati, amepata mke wa kumshikia spana. Aoko aliyasikia huko chini, akaendelea kukaza bolti. Enzi hizo Ouma ndiye aliyepanda.

Mwaka 1987 Ouma akafa kwa homa ya mapafu. Walimzika kwao, na Aoko akaingia kwenye chola, maombolezo ya mjane wa Kijaluo. Mjane akiwa kwenye chola haingii nyumba ya mtu mwingine, na huvaa nguo ya marehemu mumewe mpaka siku atakapovuliwa rasmi. Wengine huvaa koti, wengine kofia. Walipofungua sanduku la Ouma ili achague, Aoko alipita koti la Krismasi, akapita shati la kanisani, akachukua ovaroli.

"Yawa! Hiyo?" wakashangaa wanawake.

"Mimi nilimjua akiwa ndani ya hii," alisema Aoko. "Hilo koti lilijuana na mchungaji."

Shangazi yake Ouma, Mama Dorca, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mila katika ukoo ule. Alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, hapo hapo Kibuye na hakuchezewa. Akatafakari kidogo, akasema nguo ya marehemu ni nguo ya marehemu. Basi Aoko akarudi gerejini amevaa ovaroli, mikono imekunjwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia avue.

Aliyeumwa roho ni Absalom, mdogo wake Ouma. Huyu alikuwa hodari wa kuchomelea mageti, kazi yake safi kabisa, ila nafasi yake ilikuwa finyu na ile ya kaka yake ilikuwa inatazama barabara. Akawaendea wazee kumsema Aoko, ambaye ukoo ulimwita Mama Apiyo kwa jina la mtoto wake. "Mama Apiyo alikuwa mikono tu," akawaambia. "Kichwa tumekizika. Gereji bila kichwa ni ya nini? Tena yuko kwenye chola, anaingiaje mahali pa watu?"

Mama Dorca akauliza, "Ile gereji ina mlango?"

"Haina."

"Ina paa?"

"Haina."

"Basi ameingia wapi?"

Wazee wakacheka, lakini suala la kichwa hawakulicheka. Wakaamua hivi: wateja wa Ouma wakiendelea kuja, gereji ni ya mjane na watoto wake. Wakikatika mpaka chola inaisha, ni ya Absalom. Na wateja, jamani, wakakatika. Mmoja alipita na pikap inayoyumba kama mlevi, akamsalimu Aoko kwa heshima zote, akaenda kwa fundi mwingine. Aoko alirudi nyumbani siku hiyo akawapigia watoto kelele kwa kosa ambalo hawakulifanya. Gereji ile ndiyo iliyowalisha, lakini si hilo tu. Ilimuuma kuambiwa kichwa chake kiko kaburini.

Ndipo lilipoletwa gari la Bwana Wakhisi, likiburutwa. Wakhisi alikuwa wakili wa Milimani, Mluhya mnene mwenye kicheko, na gari lake lilikuwa kagari ka michezo ka Kiingereza, ka zamani, viti viwili, paa la turubai, kekundu kama nyanya mbivu. Alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na alilipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda chuma. Pale Kisian alikwepa ng'ombe akaingia mtaroni. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limekunjamana chini ya gari, na mkono wa chini ulikuwa umepinda.

"Ouma ndiye aliyekuwa akilitazama," alisema Wakhisi. "Sasa sijui nimwachie nani."

"Umeshamwachia," alisema Aoko, na alikuwa ameshaingia chini.

Absalom alikuja na ushauri bila kuitwa. "Mkono huo leta kwangu, shemeji. Nautia moto, naunyoosha, jioni umekwisha."

"Geti likipinda nyoosha," sauti ikatoka chini ya gari. "Geti haliteremki Riat. Chuma kilichobeba mguu kikishapinda hakirudi kazini."

"Na mwingine utautoa wapi? Uingereza?"

"Sondu."

Watu wakaangua kicheko, lakini hakuwa anatania. Nyuma ya soko la Sondu kulikuwa na gari dogo la Kiingereza la mwalimu mmoja mstaafu, lililokufa zamani na kugeuka nyumba ya kuku. Aoko alilifahamu tangu lilipokuwa zima. Alijua pia kwamba kiwanda kile kiliyapa magari yake madogo miguu ile ile, la maringo na la kwendea sokoni, sawa tu na ndugu wawili walioshonewa suruali kwa kitambaa kimoja. Alienda amekaa nyuma ya lori lililo wazi, akalala kwenye mavi ya kuku, koo mmoja akamdonoa kisigino, akarudi na mkono na kingipini, vimetapakaa kinyesi lakini vimenyooka.

"Huo wa kuku utaua mtu," alitangaza Absalom mbele ya kila aliyepita. "Mnisikie leo, msije mkasema sikusema."

Aoko alikuwa na springi ya kushughulikia. Springi ya mbele hukaa imebanwa, na ukifungua bolti zake ovyo inaruka na kuondoka na taya lako. Alitoa bolti mbili fupi, akaweka ndefu mahali pake, akatoa zilizobaki, kisha akawa analegeza zile ndefu zamu kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, mpaka springi ikajinyoosha polepole na kuachia. Waliokuwa wamejificha nyuma ya magunia wakatoka. Bushi za zamani, zile pete za mpira za maungioni, zilikuwa zimeliwa na umri, basi akaenda kwa jirani mshona akala, viatu vya tairi, akamchagulia tairi gumu la lori, akamsimamia akikata vipande vya duara mpaka jamaa akamwomba aende zake. Mwisho alifunga uzi wa nyavu kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, kupima kama yamenyooka, akachuchumaa kuutazama, akarekebisha, akatazama tena. Uzi ukagusa sawasawa. Aliimba kidogo, wimbo wa kanisani, sauti mbaya lakini yenye raha.

Siku ya Riat watu walijaa gerejini. Wakhisi akaja, akazunguka gari lake, akalipapasa. Manyunyu yalikuwa yamepita asubuhi, na turubai lilikuwa limefungwa. Akauliza, "Haya, nani anapanda?"

Kabla Aoko hajafungua mdomo, Absalom akawa ameshika kitasa, amevaa shati safi. "Mama Apiyo yuko kwenye chola, Bwana Wakhisi. Hawezi kuingia humu. Nitapanda mimi, kwa niaba ya nyumba ya Ouma."

 Kila mtu pale alielewa. Akikaa kwenye kiti kile na kupita mjini hadi Riat, kufika jioni Kisumu nzima itasema gereji ya Ouma imepata kichwa, na kichwa ni Absalom.   Aoko akamtazama shemeji yake, akatazama lile shati, tabasamu likaanza kumjia.

"Shemeji, si ulisema mkono wa kuku utaua mtu?"

Absalom akakohoa.

"Na leo unataka kuukalia. Umechoka kuishi, au umeiona kazi yangu ni nzuri?"

Watu wakalipuka. Mshona akala akajipiga paja. Absalom akatafuta maneno, akapata moja tu. "Mila," akasema. "Mila ni mila. Gari la mtu ni kama nyumba yake."

"Kweli kabisa," akajibu Aoko. Akazunguka hadi upande wa pili, akafungua vifungo vya turubai kimoja kimoja, akalikunja nyuma mpaka mwisho. Jua likaingia hadi sakafuni. Kisha akageuka. "Mama Dorca! Njoo uniambie. Hii ina paa?"

Mama Dorca aliacha omena zake, akasogea, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima. "Haina," akasema.

"Basi nikikaa humo nitakuwa nimeingia wapi?"

"Utakuwa umekaa nje, mwanangu, kwenye kiti. Absalom, mpishe mwenzako."

Walipanda hadi juu, wakageuza. Kwenye kona ya kwanza ya kuteremka Aoko alijikuta anakanyaga sakafu kwa nguvu zote, ndiyo, aliogopa, asiyeogopa Riat ni mwongo. Kona ya pili gari likaegemea, mguu wa kushoto ukabeba uzito wote, ukanyamaza. Chini ziwa likajitandaza jeupe. Upepo uliijaza ovaroli ya Ouma, na Aoko akalia na kucheka kwa pamoja bila aibu. Paliponyooka Wakhisi akaachia usukani kidogo, gari likaenda sawa kama lilivyopigiwa uzi. "Fundi!" akapiga kelele Wakhisi. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Walipita mjini polepole, kwa makusudi, Wakhisi akipiga honi. Wiki ile pikap inayoyumba ikarudi yenyewe, na wateja wengine nyuma yake.

Chola ilipoisha, ovaroli ikavuliwa kwa mila, Aoko akashonesha ya kwake. Absalom alikaa miaka akimsalimu kwa kidevu tu. Kisha, mwaka 1994, alinunua pikap kuukuu ya kubebea mageti, na mguu wa mbele ukaanza kugonga. Aliipeleka kwa huyu na yule. Mwishowe akaileta, akaiegesha, akasimama anaangalia barabara.

 Aoko alilala chini, akafanya kazi yake, akafunga nati ya mwisho, akatoka anajifuta mikono. Absalom alikuwa ameshaingia na kuwasha injini. Aoko akakusanya spana zake, akidhani ataondoka hivyo hivyo.

Injini ikazimwa. Absalom akashuka, akazunguka mbele ya gari mbele ya macho ya Kibuye nzima, akamfungulia mlango wa upande wa pili.

"Panda, fundi," akasema. "Twende Riat."