Jabali Nisiloweza Kulitaja

Wakati wa Mdachi nilikuwa mkalimani, kazi ya kusema maneno ya watu wengine na kulaumiwa kwa niaba yao. Siku moja nilitumwa kutoka Korogwe nimpeleke Bwana mmoja mpima mawe hadi Misima, kwa wakwe zangu, akalione jabali lao.

Jabali lile sijaona mwenzake. Lina mistari, mweupe, mweusi, mweupe tena, imejikunja kama unga uliokandwa, na mvua ikikatika vichembe vyekundu vinametameta ubavuni kote. Bwana aligonga kwa nyundo, akalamba kipande, akasema liliivia chini ya ardhi kwa moto. Nikatafsiri kwa Kizigua. Mzee mmoja akauliza nani alikuwa akiupuliza huo moto.

"Ni la kale sana," Bwana akaendelea, "na limepasuka mgongoni. Jina lake nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Mama mkwe wangu alizaliwa chini ya jabali lile, akapewa jina lake. Na kwetu mkwe hatajwi jina. Ningelitamka mbele ya shemeji zangu, mke wangu angerudishwa kwao siku ileile, nami nilimpenda, nasema wazi. Nisipolitamka, askari aliyefuatana nasi alikuwa na kiboko. Shemeji walilijua jina, lakini walinyamaza makusudi, waone nitatokaje.

"Ni hili hapa, Bwana," nikasema kwa sauti. "Hili zee. Lililopasuka mgongoni. Lenye kipara."

Shemeji wakajiziba midomo.

"Nataka jina!" Bwana akafoka. Askari akasogea.

Ndipo nyuma ya kichaka akainuka mwanamke aliyejitanda kaniki hadi machoni. Mama mkwe. Akalitamka jina kwa sauti kuu, akalirudia polepole ili liandikwe, kisha akanigeuzia mgongo kama inavyopasa.

"Ndivyo?" Bwana akaniuliza. "Sema wewe, nisikie vizuri."

"Alivyosema yeye ndivyo, Bwana."

Akaandika. Kiboko kikarudi kwapani.

Jioni nilimtuma mke wangu, niliyekuwa nimekuja naye, ampelekee mama yake kuku wawili wa shukrani. Akarudi amekunja uso.

"Mama amepokea. Ila anauliza, yale ya uzee na mpasuko yalikuwa maneno ya Mdachi?"

"Ya Mdachi, wallahi!"

"Na kipara?"

Nikaomba maji ya kunywa.